Kanzu Ndogo ya Samweli: Mazimbu na Wazazi Wasiofika Darasani

Miaka kadhaa iliyopita tuliwachukua wanafunzi wetu wa kipaimara kwenda kuiona Mazimbu. Ni safari fupi kutoka mjini Morogoro. Tuliingia katika kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tukatembea kati ya majengo na miti, tukafika kwenye makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Tuliwaeleza vijana kwamba kabla ya kuwa kampasi ya chuo kikuu, hapa palikuwa na shule ya chama cha ANC, tangu chekechea hadi sekondari, na kwamba waliosoma hapa walikuwa watoto na vijana waliokimbia nchi yao. Tulijiona tumefundisha vizuri. Ndipo msichana mmoja akauliza: "Mchungaji, siku ya wazazi nani alikuwa anakuja?"

Hatukuwa na jibu. Tulizungumza habari za makaburu na siasa za wakati ule, kama tunavyofanya sisi wachungaji tunapobanwa na swali dogo. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani, na halikutaka kuondoka. Katika nyumba yetu wenyewe kulikuwa na mtoto aliyekaa bweni tangu darasa la pili. Sisi wazazi wake tulilijua geti la shule yake, dirisha la mhasibu, na uwanja wa kupokelea wageni siku ya kutembelea. Darasa lake hatukuwahi kuliona. Hatukujua anakaa dawati la mbele au la nyuma, wala kama anaona vizuri maandishi ya ubaoni.

Makala hii ni jaribio la kumjibu binti yule, kwa kuchelewa.

Tuanze na Hana, kwa maana hakuna mzazi katika Biblia aliyemtoa mtoto wake kwenda kulelewa na mwalimu kwa uwazi kuliko yeye. Mara nyingi tunahubiri juu ya maombi yake na machozi yake, tunahubiri jinsi alivyomleta Samweli mbele ya Eli, kisha tunakimbilia usiku ule mtoto alipoitwa kwa jina lake. Katikati tunaruka mstari mmoja katika sura ya pili ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Mwandishi anasema kwamba mama yake alimshonea kanzu ndogo, akawa anampelekea mwaka hata mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Yeyote aliyewahi kumshonea mtoto nguo anaelewa jambo hilo lina maana gani. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi tena. Ili kushona ya mwaka huu lazima mama awe amemtazama mtoto vizuri safari iliyopita, akapima kwa macho mabega yamefika wapi, akakisia miezi kumi na miwili itaongeza kiasi gani. Hana alimtoa mwanawe kwa Bwana, lakini hakuacha kumpima. Na wana wa Eli walivyokuwa wakiishi pale Shilo, tunathubutu kusema kwamba jicho la mama lilihitajika sana mahali pale patakatifu.

Sasa twende Afrika Kusini, kwa sababu historia ya Mazimbu haikuanzia Mazimbu.

Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilipitisha Sheria ya Elimu ya Kibantu. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya shule za Waafrika ziliendeshwa na misheni. Sheria ile ilizitoa shule mikononi mwa makanisa na kuziweka chini ya serikali, ili mtoto wa Mwafrika afundishwe kile tu ambacho Mzungu aliona kinamfaa mfanyakazi wake. Misheni nyingi, za Kilutheri zikiwamo, zilikabidhi funguo. Wachache walifunga kabisa. Padri Trevor Huddleston, ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wa Kianglikana kule Masasi, alikuwa upande wa wale walioona ni afadhali shule yao ya St Peter's, Johannesburg, ifungwe kuliko kufundisha kwa mtaala huo. Katika shule hiyo aliwahi kufundisha hisabati kijana mmoja aitwaye Oliver Tambo. Msomaji alishike jina hilo.

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba Elimu ya Kibantu ilikuwa na nafasi ya wazazi. Ziliundwa kamati za shule na bodi za shule, na Waafrika wakawekwa humo. Kwa karatasi, mzazi alikuwa ameingia shuleni. Kwa kweli alikuwa ameitwa kusaidia kusimamia jambo ambalo hakuruhusiwa kulibadilisha. Tunaomba washarika walitafakari hilo, kwa maana hata kamati isiyo na ubaya wowote inaweza kufanana na hizo: mzazi anaitwa kuchangia madawati, haulizwi kinachofundishwa juu ya madawati hayo.

Ilipofika katikati ya miaka ya 1970, serikali ikaagiza kwamba masomo kadhaa, hisabati ikiwa mojawapo, yafundishwe kwa Kiafrikana. Walimu wengi wenyewe hawakukijua vizuri. Hapo baadhi ya bodi zilikataa. Mwanzoni mwa 1976 wajumbe wawili wa bodi moja ya shule za Watswana huko Meadowlands, Soweto, waliondolewa kwa sababu ya kupinga agizo hilo, na wenzao wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono. Watu wazima walijaribu kusema juu ya darasa la watoto wao wakaambiwa nyamazeni. Miezi michache baadaye, tarehe 16 Juni 1976, watoto wenyewe wakatoka barabarani na sare zao za shule. Polisi wakafyatua risasi. Picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akibebwa mikononi, ilizunguka dunia nzima.

Hapa ndipo historia hii inapotugusa sisi Walutheri kwa namna ya pekee, na tunasikitika kwamba haisimuliwi katika sharika zetu. Baada ya siku ile, watu wazima wa Soweto waliunda chama cha wazazi weusi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nzito: kusaidia familia kuzika, kutafuta msaada kwa waliojeruhiwa, kutafuta mawakili kwa watoto waliokamatwa. Walikuwamo watu wa itikadi tofauti, na Winnie Mandela alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti wao alikuwa mchungaji na mwanatheolojia wa Kilutheri, Dkt. Manas Buthelezi. Angeweza kubaki na vitabu vyake. Aliitwa kuwa mzazi wa watoto wa watu, akakubali. Chama hicho kilipigwa marufuku tarehe 19 Oktoba 1977, pamoja na vyama vingine vingi, siku moja.

Kabla ya marufuku hiyo, Juni 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita Dar es Salaam. Wazee wetu bado wanaukumbuka kwa sababu ndipo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alipochaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Buthelezi alikuwapo, wakati huo akiwa askofu, na alizungumza. Mkutano ule ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi ni suala la imani yenyewe: kanisa linalowatenga watu mezani pa Bwana kwa rangi zao limeharibu ungamo lake. Mwaka 1984 huko Budapest, makanisa ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yaliyoshindwa kuachana na utengano huo yalisimamishwa uanachama. Katika vyuo vyetu vya theolojia tunafundisha tamko la Dar es Salaam kama somo la mafundisho ya kanisa. Ni sawa. Lakini mmoja wa waliolisukuma alikuwa ametoka kwenye mazishi ya watoto wa shule mwaka uliotangulia, na hilo nalo ni sehemu ya somo.

Mkutano ulifunguliwa tarehe 13 Juni. Siku hiyohiyo, Johannesburg, alikamatwa kijana aitwaye Solomon Mahlangu. Alizaliwa 1956 na kukulia Mamelodi, karibu na Pretoria, akilelewa na mama yake, Martha, aliyefanya kazi za ndani. Shule yake ilivurugika kwa machafuko, hakumaliza, akavuka mpaka kwenda kujiunga na mapambano. Aliporudi na wenzake wakakurupushwa mjini, na watu wawili wakapoteza maisha katika purukushani hiyo. Mahakama ilikubali kwamba si yeye aliyefyatua, lakini ilimhesabia kosa pamoja na mwenzake, na tarehe 6 Aprili 1979 alinyongwa akiwa na miaka 22. Shule ya Mazimbu ikapewa jina lake. Wengine huona ni jina la kivita kwa mahali pa kusomea. Sisi tunaona waliompa shule jina la kijana ambaye hakuruhusiwa kumaliza shule walijua wanachofanya.

Maelfu ya vijana walikimbia Afrika Kusini baada ya Juni 1976, wengi kupitia Botswana, Swaziland na Msumbiji. Walikuwa wadogo mno kupewa bunduki, na wengine walitaka kusoma. Serikali ya Tanzania iliipa ANC ardhi Mazimbu mwaka 1977, shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, lenye nyumba chache zilizochakaa na vichaka vingi. Morogoro haikuwa ngeni kwao, kwa kuwa chama hicho kilikuwa kimefanya mkutano wake mkubwa hapa mwaka 1969. Wakajenga wao wenyewe, pamoja na mafundi na vibarua Watanzania, kwa misaada ya nchi nyingi, za Skandinavia zikiwa mbele. Masomo yalianza wakati ujenzi haujaisha. Tambo, aliyekuwa sasa kiongozi wa ANC, alikuja kuifungua rasmi mwaka 1985. Zilikuwapo sekondari, shule ya msingi, chekechea, hospitali, shamba lenye mifugo na mboga, na karakana za samani na nguo. Wanafunzi wa sekondari walifanya mitihani ya London, na nje ya vipindi wakashika jembe. Mtu aliyelelewa na Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere angejisikia yuko nyumbani.

Sasa swali la binti yetu. Nani alikuja siku ya wazazi?

Wapo watoto ambao wazazi wao walikuwa palepale, walimu na wafanyakazi wa Mazimbu. Hao walikuwa na mtu wa kuchungulia dirishani. Wengine wazazi wao walikuwa kazini kwa chama, Lusaka au kwingineko, au wako masomoni ng'ambo. Na wengi katika sekondari wazazi wao walikuwa Soweto, Mamelodi, Port Elizabeth, hawajui mtoto wao yuko nchi gani. Vijana waliondoka usiku bila kuaga, kwa sababu mzazi aliyejua angeweza kukamatwa na kuulizwa. Wengi waliacha majina yao mpakani wakachukua mengine, kwa usalama wa familia zilizobaki. Maana yake ni kwamba mwalimu aliposoma daftari la mahudhurio asubuhi, aliita majina ambayo mama hakuyatoa na asingeyatambua. Kuandika barua nyumbani ilikuwa hatari. Kupokea ilikuwa bahati. Mzazi hakuweza kuja darasani, na hata angefika mlangoni na kumtaja mwanawe kwa jina alilobatizwa, huenda aliyesimama pale angemwambia kwa ukweli kabisa kwamba hayupo.

Kwa hiyo ilibidi watu wengine wawe wazazi. Mahali ambapo hili lilionekana zaidi ni kituo cha watoto wachanga kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Mama huyo alikuwa mwanamke wa kanisa: alisoma katika chuo cha Wilberforce, Ohio, akasaidia kuleta kanisa la Methodist la AME Afrika Kusini, na mwaka 1913 alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya wanawake ya kupinga pasi huko Bloemfontein. Katika kituo hiki walikaa mabinti waliojifungua wakiwa uhamishoni, pamoja na watoto wao. Lengo lilikuwa mama asipoteze masomo kwa sababu ya kuzaa. Baadaye mama alirudi darasani au akapelekwa mbali kusoma, na mtoto akabaki mikononi mwa kinamama wengine. Tukiwa watu wa Morogoro tusijifanye tunashangaa kwamba mtoto anaweza kuwa na mama wengi. Katika milima hii ya Uluguru ukoo unahesabiwa kwa mama, na hadi leo mwalimu mkuu akimwita mzazi anaweza kuletewa mjomba, na mjomba huyo ndiye hasa mwenye neno. Lakini wale wa Mazimbu hawakuwa na ukoo wa kuwapa mjomba. Kila jioni alilazimika kupatikana mtu wa kuuliza leo mmejifunza nini, na mtu huyo akawa mwalimu, au mlezi wa bweni, au mpishi.

Hatutaki kulipamba. Watu waliojeruhiwa, waliokaa miaka bila kujua watarudi lini, hawaishi bila magomvi, ulevi na majonzi. Kuna watoto waliokua wakiwa na walezi wengi na bado hawakuwa na mtu wao. Wote ni wazazi wa huyu mtoto ni sentensi nzuri, nasi tunaisema kila tunapobatiza, mkutano mzima ukiitikia pamoja na wadhamini. Ubaya wake ni kwamba ni rahisi kila mmoja kuitikia na kwenda zake.

Tambo aliitembelea Mazimbu. Kwa mambo aliyokuwa nayo kichwani, diplomasia, vita, fedha, wenzake gerezani Robben Island, shule ingeweza kuachiwa kamati. Lakini alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa chochote kingine, na alikuwa Mkristo aliyewahi kukubaliwa kuandaliwa kwa ukasisi, kesi ya uhaini ya 1956 ikamkatiza. Mtu wa namna hiyo haiachi shule ijiendee.

Mlango wa kurudi ulifunguliwa tarehe 2 Februari 1990, ANC iliporuhusiwa tena nchini mwake. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Watoto waliozaliwa hapa na kusema Kiswahili wakapelekwa nyumbani wasikokujua, kwa bibi ambao hawajawahi kuwaona. Na hapa Morogoro kulibaki wanawake wa Kitanzania waliokuwa wameolewa au kuzaa na Waafrika Kusini, baadhi wakiwa na watoto wao, wakingoja barua. Baadhi ya watoto hao walikaa kwenye madawati ya shule zetu za kata na jina la ukoo ambalo mwalimu hakujua kulitamka, na siku ya wazazi alikuja mama peke yake, kama alikuja. Kanisa halikuwa na la kusema juu yao, au halikusema. Tulikuwa jirani.

Binti wa kipaimara, basi, jibu ni hili: mara nyingi hakuja mtu, na walipokuja walikuwa watu wa kuazima.

Lakini wazazi wale walizuiwa na mpaka, na polisi, na hatari ya kifo. Sisi tunazuiwa na nini? Baada ya shule za kanisa kutaifishwa, miaka ya 1969 na 1970, sharika nyingi zilidhani kwamba pamoja na funguo zimekabidhi na mtoto. Serikali yetu ilikuwa na nia njema, tofauti kabisa na ile ya makaburu. Ilitaka mtoto wa Mwislamu, wa Mkristo na wa asiye na dini wakae dawati moja, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo mazoea yakabaki. Kisha wengi wetu tulipopata kipato kidogo tukawapeleka watoto shule za bweni, tena wadogo, na wachungaji tukiwa mstari wa mbele kwa sababu ya uhamisho wa vituo. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Tunakiri kwamba tuliposikia habari hiyo tulinung'unika kwanza, tukasema ada tumeshalipa. Tulinung'unika kwa kunyimwa kitu ambacho Martha Mahlangu na wenzake wa Mamelodi wangetoa chochote wasilazimishwe kukipata: mtoto anayesoma mbali na macho yao.

Luther alilijua tatizo hili kabla yetu. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule, akilaumu uzembe wa wazazi. Mwaka 1528 alishiriki ziara za kukagua sharika za Saxony, akaona kwa macho yake watu waliobatizwa wasiojua hata Baba Yetu, na wachungaji wasioweza kufundisha. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimo Ndogo, na juu ya kila sehemu akaweka wazi kwamba imeandikwa ili mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Tunaisoma kama kitabu cha mchungaji na darasa la kipaimara. Ilizaliwa kutokana na ziara, kwa watu walioingia mahali watoto walipofundishwa wakakaa wakasikiliza.

Kwa hiyo mwaka jana, baada ya mjadala mrefu katika baraza la wazee, tuliomba wazazi wa chekechea ya usharika waje kila mmoja asubuhi moja kwa mwezi, wakae darasani, wasaidie. Mzee mmoja alisema kazi ya ualimu ina wenyewe na wazazi watachafua. Si neno la kupuuzwa. Mwalimu naye aliogopa, akatuuliza kwa upole kama wanakuja kumsaidia au kumpeleleza, na ilitubidi tukae naye mara mbili kabla ya kumjibu kwa haki. Tulikubaliana mzazi asimkosoe mwalimu mbele ya watoto, asimtetee mwanawe, asipige mtoto wa mtu, na simu izimwe. Shule za msingi nazo siku hizi zina ushirikiano wa wazazi na walimu, UWAWA, na baadhi ya washarika wetu walikuwa na uzoefu nao, wakatusaidia kupanga zamu.

Wiki za kwanza walikuja wachache. Baadaye tuligundua sababu ambayo haikutajwa kwenye kikao. Baadhi ya kinamama walikuwa hawajui kusoma, au walisahau, na waliogopa mtoto wao atawaona wakikwama mbele ya ubao. Mama mmoja alitupa udhuru wa shamba mara tatu. Mara ya nne alikuja, kwa sababu mwalimu alimwambia siku hiyo watoto watahesabu, na vya kuhesabia havipo. Alileta maharage kwenye kibakuli. Alikaa mkekani asubuhi nzima akiwagawia watoto kumi kumi, na wakikosea anawarudisha waanze upya, bila kupandisha sauti. Yeye anauza maharage sokoni, na katika kuhesabu hakuna aliyemzidi mle ndani, mchungaji akiwemo.

Sisi nasi tulikuwa na siku yetu. Mtoto wetu tumemtoa bweni, na sasa anasoma shule ya kutwa. Tuliomba ruhusa ya mwalimu wa darasa, tukapewa kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Kipindi kilikuwa cha sayansi. Mtoto aligeuka mara moja tu kututazama, kisha akainama akaandika. Tuliona amekaa dawati la tatu, pembeni, na kwamba kila mwalimu alipoandika chini ya ubao alinyanyuka kidogo ili aone juu ya kichwa cha mwenzake. Na shati la sare tulilomnunulia Januari, mikono yake imeshakuwa mifupi.